Asante Uliyorudi Nayo Kutoka Hispania

Zunilda,

Mwaka umetimia tangu ulipotuondokea ghafla, na bado tumeduwaa. Kuna asubuhi mmoja wetu anakuita kwanza, ndipo akumbuke.

Ulikuwa mfumaji wa lesi ya ñandutí hapa mjini kwetu Itauguá, na mikono yako haikujua kukaa bure. Uliimba ukikosea maneno makusudi ili Derlis, mwanetu, akusahihishe. Mgeni hakutoka kwako bila mkate wa jibini mkononi, ungali wa moto.

Hukuwahi kuvuka mpaka hadi Nidia, binti yetu, alipokuita Málaga, Hispania, anakomhudumia bibi mmoja mgonjwa. Ulirudi umechangamka, na asubuhi ya kwanza ukatushtua wote. Tulikuwa barazani tukinywa tereré, chai yetu ya majani na maji baridi, kikombe kimoja kikizunguka, mimi nikimimina. Ulikunywa, ukanirudishia kikombe, ukasema, "Asante."

Ndiwe uliyewafundisha wanetu kwamba anayerudisha kikombe kimya anataka tena, na anayesema asante ametosheka, arukwe. Nikakuruka. Dada yako Blásida hakukuachia.

"Haya, mama Ulaya. Umekwenda juzi tu, na maji ya kwetu yameshakushinda?"

Ulicheka sana. Kisha ukatueleza kuwa yule bibi hawezi kushika gilasi mwenyewe, na kila Nidia akimnywesha humwambia asante, hata kwa funda moja. Ukasema ulitoka ukaenda kulia jikoni. Halafu ukanigeukia mimi.

"Eladio, tumezeeka pamoja, na kila asubuhi unanimiminia. Sijawahi kukuambia asante, mume wangu, kwa sababu kila mara nataka kingine. Kuanzia leo nitasema, na wewe umimine tu."

Nilichelewa kuzoea. Mkono wangu ulikuruka mara nyingi, nawe ukinigusa goti na kusema, "Mzee, mimi bado nipo."

Asubuhi uliyotuondokea hukuwa mgonjwa. Ulikuwa ukimtania Blásida juu ya rangi aliyotia nywele. Ulirudisha kikombe, ukasema asante, nami, nikifurahi kwamba hatimaye nimezoea, nikamimina na kukunyooshea. Hukukipokea. Nilidhani unatania. Nilibaki nimenyoosha mkono mpaka Blásida alipoinuka na kukushika mabega. Daktari alisema ni moyo, na kwamba tusingeweza kufanya lolote. Tulimsikia, lakini hatukumwelewa, na sidhani kama tumemwelewa hadi leo.

Blásida anaamini ulikuwa unaaga kwa desturi yetu. Nidia anasema hapana, ilikuwa asante ile uliyotoka nayo safari, ya kushukuru. Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima na sitaki kuliamua. Ninachojua ni kwamba ulivuka bahari, na katika yote uliyoyaona huko, neno hilo ndilo ulilotuchagulia kama zawadi. Sasa hapa nyumbani kila mtu analisema, na hakuna anayerukwa. Majirani wanatushangaa, nasi tunawaacha washangae.

Unakumbukwa na mumeo Eladio. Wanao, Nidia aliyeko Málaga na Derlis. Dada yako Blásida. Na wafumaji wenzako wote wa mtaa wetu.

Asante, Zunilda, kwa maana uliyorudi nayo. Kwa maana ile ya zamani, ya kutosheka, hatutakuambia kamwe.