Kaka, Nimemtetea Dereva Aliyeshtakiwa kwa Ulevi

Kaka Yasini,

Nakusalimu kama wanavyosalimiwa waliotangulia, kisha nakupa habari hii mwenyewe. Nimemtetea dereva aliyeshtakiwa kuendesha gari akiwa amelewa. Nimemtetea mpaka shtaka hilo likaanguka. Mama anajua.

Hapa Ujiji tupo. Biashara yako ya mawese anaiendesha mkeo, pale pale sokoni Mwanga. Wauzaji wako wa Kidahwe wanamletea mzigo hadi mlangoni, kwa sababu hataki kupita barabara ile. Mimi napita. Nikifika pale ulipogongwa natazama mbele.

Dereva mwenyewe anaitwa Mwalimu Gwakisa, mtu wa Mbeya, aliletwa huku kufundisha hesabu. Alikuwa anatoka kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mwenzake, mchana kweupe, gari likaacha barabara pale Buzebazeba na kuingia kwenye meza ya Mama Shukuru, muuza maandazi. Mama wa watu akavunjika mkono. Askari walipofika walimkuta mwalimu anayumba, macho mekundu, ananuka bia. Wakaandika kwamba amelewa na kwamba ameendesha kwa uzembe.

Aliyekuja ofisini kwangu ni mkewe. Nilishasimama nimwelekeze kwa wakili mwingine. Akasema, "Mume wangu aliwaomba wampeleke hospitali wampime damu. Wakamweka ndani tu." Nikakaa tena.

Aliyekugonga wewe naye hakupimwa kwa wakati. Hukuyaona haya, ulikuwa umeshazikwa. Alilala mahabusu, akapelekwa hospitali kesho yake wakati pombe imeshaisha mwilini, na siku ya kesi wakili wake akasimama akasema upande wa mashtaka hauna uthibitisho. Hakimu akakubali. Mama alikuwa kwenye benchi la mbele, ameshika kofia yako ya sala. Mimi nilikuwa bado nasoma sheria. Nilimchukia yule wakili kuliko nilivyomchukia dereva.

Sasa nilikuwa naombwa kusema maneno yale yale.

Nilikwenda kituoni. Nikamwambia Mwalimu Gwakisa ninayomwambia kila mtu: kwamba ana haki ya kuelezwa kosa analotuhumiwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba anaweza kunyamaza, kwamba akiamua kuandika maelezo anaweza kutaka wakili au ndugu yake awepo, na asitie saini asichokisoma, kwamba kosa lake lina dhamana na tutaiomba. Akaniuliza kama angeweza kukataa kupimwa. Nikamwambia kukataa bila sababu ya msingi nako ni kosa, na kwake yeye lililo muhimu ni kwamba aliomba kipimo akanyimwa. Kisha tukaingia kwenye njia zilizokuwepo. Angeweza kukiri yote na kuomba apunguziwe adhabu. Angeweza kukana yote, upande wa mashtaka uthibitishe. Angeweza kukiri moja na kukana jingine.

Nikamwuliza alikunywa kiasi gani. "Chupa moja, wakili."

Kaka, wote hunywa chupa moja. Lakini paji lake la uso lilikuwa limepasuka. Kichwa kiligonga usukani, na mtu aliyegonga kichwa naye huyumba, macho nayo huiva. Ningeweza kuamini hivi au vile.

Nikamwuliza gari liliachaje barabara. Akajibu, "Nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. Hilo nitalikiri."

Na mahakamani akalikiri, bila kuzunguka. Kosa la kuendesha kwa uzembe akalikubali. La ulevi akalikana.

Askari aliyemkamata alikuwa kijana mwadilifu, hakuongeza chumvi. Nikamwuliza kama walimpima kwa kifaa cha pumzi. Akasema siku hiyo kilikuwa kibovu. Nikamwuliza kama hospitali ilikuwa mbali. Akasema si mbali. Nikamwuliza, "Mshtakiwa aliomba kupelekwa?" Akavuta pumzi. "Aliomba."

Nilipokaa chini nilikukumbuka, na si kwa huzuni. Nilikumbuka bata wa jirani aliyesingiziwa kula dagaa wa Mama walioanikwa, mimi nikawa wakili wake na wewe ukawa hakimu juu ya kinu kilichopinduliwa. Ukauliza, "Nani alimwona?" Hakuna aliyemwona. Ukamwachia bata, na Mama akatufukuza sote watatu kwa mwiko.

Hakimu wa kweli alisema kwamba kwa shtaka la ulevi hakuna kesi ya kujibu, kwa kuwa harufu na kuyumba peke yake, kwa mtu aliyeumia kichwa, havikutosha. Kwa uzembe alimtoza faini na kumfungia leseni. Mke wa mwalimu alilia. Mimi nilikusanya majalada yangu.

Mama Shukuru alinisubiri nje, mkono bado umefungwa. Hakuwa na hasira. Akaniuliza, "Kwa hiyo hakuwa amelewa?"

Nikamwambia, "Mahakama imesema haikuthibitishwa."

"Sikukuuliza mahakama, mwanangu."

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Angepimwa saa ile ile, mwalimu angekuwa ametoka safi au amefungwa, na huyu mama angekuwa na jibu. Wote wawili walinyimwa kitu kimoja. Na sisi pia tulinyimwa, Kaka. Yule wakili wa siku ile hakutunyima chochote. Alikuta pengo limeshaachwa.

Mama Shukuru alitaka nimsaidie kudai haki yake. Siwezi kumwakilisha, kwa kuwa nimemtetea aliyemgonga, nikampeleka kwa mwenzangu.

Jioni nilimweleza Mama. Alikuwa anachambua migebuka, hakuinua kichwa. Akasema kwa Kiha, maana mambo mazito huyasema kwa Kiha, "Kwa hiyo ulisimama upande ule." Nikaitikia. Aliendelea na samaki wake mpaka nikadhani yameisha. Kisha akauliza, "Na yule mama, nani anampikia?"

Kesho yake tulikwenda Buzebazeba pamoja, na sufuria la wali. Walikaa wawili wakaongea habari za viungo vinavyouma wakati wa mvua. Kuhusu kesi hawakusema neno, wala Mama hajaitaja tena kwangu.

Wiki hii nimepata kesi nyingine ya aina hiyo, kijana wa bodaboda. Nitamtetea, na atakayefuata nitamtetea. Lakini nakuahidi hili: aliyeumizwa akiniuliza kilichotokea, sitajificha nyuma ya maneno ya hukumu. Nikijua na nikiruhusiwa kusema, nitasema. Nisipojua, nitamwambia sijui, nikimtazama machoni.

Mungu akupanulie kaburi lako, Kaka. Siombi radhi kwa kazi yangu. Naomba tu usidhani kwamba niliposimama upande ule nilikuwa nimekusahau.

Mdogo wako,
Zuhura