Sala Niliyoshindwa Kuifunga

Kaka, nimejiaibisha. Tena sebuleni kwangu!

Waumini walikuja kumwombea mke wangu. Unajua tangu apigwe kiharusi hajasimama. Mchungaji akasema, "Mzee wa kanisa, tufungie kwa sala." Mimi huyo, mchomelea vyuma, ambaye nikipaza sauti kuomba, hata grinda ya kukatia vyuma inasikika kama mbu.

Nikasimama, nikafumba macho. Kaka, hakuna kitu. Pakavu.

Mwishowe nikasema, "Mungu, nimekuita mpaka nimechoka. Kama unasikia, mbona kimya?" Nikakaa. Sikusema hata amina. Hata amina, kaka!

Mchungaji akatazama viatu vyake. Mama mkwe akaguna, "Sasa hiyo ni sala au mashtaka?"

Halafu nikasikia kutoka kwenye kochi, kwa ule ulimi wake mzito: "Amina."

Mke wangu! Anayeumwa ni yeye, na aliyenifungia sala ni yeye.

Wameshaondoka. Sasa ananiita, anataka tuombe tena, wawili tu. Maneno bado sina, nisikudanganye. Lakini naenda. Nitamshika mkono, maneno atatafuta yeye.