Meno Ndani ya Gitaa la Mwisho

Papa,

Gitaa lako la mwisho limefunguka. Aliyesema ni maestro wa kwaya, Jumapili, mlangoni mwa kanisa, watu wakisikia. Wakati wa matoleo uso wa gitaa uliachana na ubavu, upande wa chini, kwa mlio kama wa kijiti kinachovunjwa. Mpigaji aliendelea mpaka wimbo ukaisha kwa sababu aliona aibu kuacha. Mimi nilijua mlio ule ni wa nini kabla hajashusha mkono.

Kaka yangu, Yaya Prosper, naye alikuwepo. Watu walimgeukia, maana ndiye mkubwa wetu, naye akajibu: "Muzee alikuwa amechoka. Ku mwisho mikono yake ilikuwa inatetemeka."

Mikono yako haikutetemeka. Ulianguka ukiwa na patasi mkononi, na patasi haikuwa imetoka kwenye alama. Niliiangalia baadaye. Lakini sasa mtaa wetu wa Cimpunda mzima unajua kwamba ulikufa ukiwa fundi mbovu, na aliyewaambia ni mwanao.

Siku ulipoondoka, gitaa lilikuwa juu ya kalibu, ubao uliochongwa kwa umbo lake, uso chini, mbavu za mti wa libuyu zimesimama. Kabla ya kufunga mgongo yalibaki meno tu. Nilikuwa nimekwisha kuyakata: vipande vya mti wa sedrela, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, upande mmoja wa kulala kwenye uso, upande mmoja wa kuegemea ubavu, pembe ya mraba kati yao. Yalikuwa kwenye sahani ya bati, dirishani. Bado yako pale.

Sisi wanawake tulikuwa chini, kwenye mkeka wa kilio, na binti wa marehemu hasimami kwenda atelie, hata kama ndimo alimofanya kazi. Yaya Prosper alikuja kutoka Kalehe kwa boti ya asubuhi. Alitaka gitaa lilie kwenye misa ya kumaliza kilio. Kwa haki niseme: ahadi hiyo kwa kwaya ulikuwa umeitoa wewe mwenyewe. Akalichukua alipeleke kwa fundi wa makabati karibu na soko la Kadutu. Nilimwambia aniache, nitalimaliza nikiinuka mkekani. Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma: "Dada, weye ulikuwa unamusaidiaka tu Papa."

Maneno hayo ni yako. Kila mgeni aliyeingia ulimwonyesha shingo, ukamgongea uso wa gitaa kwa kifundo cha kidole asikilize, kisha ukanielekezea kidevu: "Na huyu iko ananisaidiaka tu." Nilikuwa nimeota mvi na ulikuwa bado unasema hivyo. Tangu nilipoacha shule halikutoka gitaa mle ndani ambalo meno yake hayakuwa yangu. Tukiwa wawili ulinisifu. Akiingia wa tatu, nilirudi kuwa msaidizi.

Na ni wewe uliyenifundisha, sikatai. Tia kole, ile gundi ya moto, bandika jino kwenye kona, libane kwa kidole, usilibane kwa kibanio, sema Salamu Maria nzima, ndipo uachie. Jino linalofuata, Salamu nyingine. Nikiharakisha ulisikia kutoka upande wa pili wa meza: "Umekula maneno. Hiyo ni Salamu ya mutu anakimbiza bus. Toa, anza tena." Ukilizunguka gitaa lote umemaliza rozari, na zaidi. Maman alikuwa akisema nyumba yetu ndiyo pekee ambamo watu husali na kidole kikiwa kimenata.

Jumapili ile maestro aliniletea gitaa nyumbani. Nililegeza nyuzi, nikaingiza kioo kidogo cha Maman kwenye tundu, nikamulika kwa telefone. Kwanza sikuelewa nilichokiona. Kisha nikaelewa.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa makabati. Si mtu mbaya. Alinipa kiti, akafuta vumbi.

"Maman, usinikasirikie," alisema. "Grand yako Prosper aliniambia mule ndani Papa anawekaka meno. Mimi nikauliza, meno? Akasema, njo vile, meno. Sasa ningefanya nini? Nikakata planche meno-meno kama musumeno, nikaibandika kuzunguka yote. Tena ilitoka muzuri. Uliiona?"

Nikamwambia niliiona.

"Iko mukali, eh?"

Nilicheka, Papa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na haikuwa furaha. Fundi aliukata ubao mwembamba mmoja wenye meno ya msumeno, ncha zikitazama uso wa gitaa. Ncha peke yake ndizo zilizogusa. Kole ilishika pale zilipogusa tu, nyuzi zikavuta kila siku, na siku moja zikashinda. "Meno" ni neno la meza yako. Hukuliandika popote, hukumwambia mtu ni nini, isipokuwa mimi. Nje ya mlango wetu meno ni ya mdomoni na ya msumeno. Fundi alifanya alichoambiwa. Yaya alirudia neno alilolisikia tangu utotoni bila kusogea kuangalia mlikuwa na nini mle ndani. Na mtu pekee aliyejua alikuwa mkekani, akisaidia kulia.

Habari imeshuka mpaka kwenye bomba la maji. Jana kijana mmoja mwenye bidoni ya maji aliniita mbele ya foleni: "Dada, gitare ya muzee imeng'oka meno? Muipeleke kwa dentiste." Watu walicheka. Nami ningecheka kama baba angekuwa wa mwingine.

Yaliyobadilika mengine ni haya. Yaya ameshika ufunguo wa atelie. Juu ya kalibu yako ameweka mifuko ya unga anayopeleka Kalehe, na anataka chumba kile kiwe depo, ghala la biashara yake. Maman hachagui upande. Anasema tonton, ndugu yako, ataamua kwenye kikao cha familia. Bila kalibu siwezi kulirudisha gitaa sawasawa: uso umekwisha kupinda, na unahitaji kulala mahali palipotengenezwa kwa ajili yake. Maestro amesema atasubiri, lakini si sana. Kuna watu kwenye kwaya wanaotaka kinanda cha umeme, na gitaa lililopasuka kanisani limewapa mdomo.

Nilimwomba maestro kitu kimoja: aje kwenye kikao hicho aseme alichokiona. Maana nikisema mimi kwamba meno ya magitaa yote yalikuwa yangu, watanijibu kwa kauli yako, na kauli ya marehemu haipingwi. Akanijibu: "Dada, mimi nilikuwa nakuonaka. Nikikuja kwa Papa, weye uko kwa kona, kidole mu gitare, unasali. Mimi nilifikiri uko na shida, unaombea." Alikuwa akiniona wakati wewe na yeye mkiongea mambo ya nyuzi, na hakuna aliyemweleza kwamba ile ndiyo ilikuwa kazi. Amekubali kuja.

Kwa hiyo nitasema mbele yao mambo mawili. La kwanza, kwamba hukulifunga gitaa lile, na kipande cha ubao wa yule fundi nitakichomoa pale gitaa lilipoachana, nikiweke mezani wakishike. Hilo litamwaibisha Yaya, na atanichukia kwa muda. La pili, kwamba ulidanganya juu yangu. Sitatumia neno laini. Siwezi kukutetea kwa nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayokutetea: magitaa yako yalikuwa mazima kwa sababu tulikuwa wawili.

Wakinipa ufunguo, nitaondoa mifuko ya unga. Wakininyima, nitalifungua gitaa juu ya meza ya jikoni, kwa kisu kilichopashwa kwenye makaa, na nitajenga kalibu mpya, hata kama itakula mwezi. Hilo nakuahidi. Siahidi kwamba nitakusamehe kabla ya mgongo kufungwa.

Lala salama, Papa. Udongo wa kaburi lako ulikuwa umeshuka kidogo kwa mvua. Nimeujaza na kupanda upya maua ya Maman. Hayo nayo niliyafanya peke yangu.

Kikao ni Jumamosi, kwa tonton, baada ya misa ya asubuhi. Maestro atanibebea gitaa.

Binti yako