Somo, Nimeuona Mwisho wa Ile Kanda

Kilwa Masoko,
Ijumaa, baada ya adhuhuri

Somo yangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana siwezi kungoja. Nina jambo limenijaa kifuani tangu jana, nikilikalia litanipasua. Somo, kanda imepatikana! Ile ya Wahispania! Nzima, na mwisho wake! Nimeuona kwa macho yangu haya, na kibanda kizima kimeuona, na Bi Esta mtani wako alivua kilemba akakirusha mpaka kikanasa kwenye boriti. Lakini nikianza na mwisho utanikemea huko uliko, basi nitajaribu kwenda kwa mpangilio. Nimesema nitajaribu.

Kwanza za hapa. Duka la ushirika limefungwa moja kwa moja. Ukipita njia ya sokoni sasa kila baraza ni duka, sabuni za Uarabuni, redio, sandali za plastiki, na bendera za vyama kila mti. Mimi nina meza ya pili ya mitumba, ambayo wewe mpaka unakata roho ulikataa kuiita kwa jina jingine isipokuwa kafaulaya, ukisema hurithi nguo ya maiti usiyemzika. Baba Zuhura hajambo, anakusalimia. Bado hajawahi kunipandishia sauti, na ukitaka kujua, bado ananiandalia maji ya kuoga.

Siku tulipokuzika, Bi Esta hakutuacha tulie kwa raha. Ndiyo haki ya mtani, na Mmakonde yule haki yake haisamehi. Alivaa kanga yako na miwani yako, akajilaza kwenye mkeka wako katikati ya wafiwa, akaanza kuieleza ile filamu kwa sauti yako hasa: "Zibeni macho, wanangu, hawa hawakuchezwa unyago!" Wanawake wakacheka huku kamasi zinawatoka. Na jeneza lilipoinuliwa akalifuata mpaka kizingitini akipiga kelele: "Umeondoka na jibu, mchoyo mkubwa wewe!" Nilicheka, Somo, kisha nikaanguka chini.

Ile filamu bwana! Unakumbuka ilivyokuja? Faraji alileta televisheni, deki na jenereta kutoka Dar es Salaam, wanaume wakajaa kibandani kwake kila siku kutazama filamu za mateke. Wewe ndiye uliyemfuata ukamwambia wanawake nao wana macho. Akatupa Alhamisi alasiri. Na kwa haya zake, akatuchagulia kanda yenye picha ya mwanamke wa gauni jekundu, akidhani ni mambo ya arusi. Arusi gani! Hatujamaliza hata karanga, gauni jekundu liko sakafuni. Ukasimama ukaitanua kanga yako mbele ya kioo, ukasema, "Waliochezwa wabaki. Wasiochezwa wakatwange." Mabinti wakatoka wamenuna, na sisi tukabaki, na wewe ukaikunja kanga yako.

Kihispania hakuna aliyekijua, na hatukukihitaji. Ulitueleza wewe, kungwi wa mji mzima, kwa jicho lako tu. "Mtazameni, hata kitambaa hakuandaa. Shanga hana. Na huyu bwana naye, anakimbilia nini, anawahi basi la Lindi?" Mengine uliyosema siyaandiki, karatasi huokotwa na yeyote. Uliwahurumia zaidi kwa uchache wao. Nyumba kubwa ya mawe juu ya kilima, na watu wanne tu: mume mwenye sharubu, mkewe kijana, mchoraji aliyepanga chumba cha uani, na mama wa jikoni, mtu mzima, anayepita na sinia bila kusema neno. Hakuna jirani anayekuja kuomba chumvi. Hakuna anayepiga hodi. "Maskini Wahispania," ukasema, "hata watu wa kujazia filamu hawana. Wangetuita sisi."

Kisha mume anakutwa amekufa kisimani. Mke anamshuku mchoraji, mchoraji anamshuku mke, na katikati ya kushukiana gauni linavuliwa tena. Mwishowe mke anachukua taa, anashuka ghalani, anaweka mkono kwenye komeo la mlango, anavuta, na... mpira! Uwanja, nyasi, mwamuzi anapuliza kipenga! Sijui mshenzi gani huko Dar alirekodi mechi juu ya mwisho wetu. Tuliitazama kila ilipokosekana kanda mpya, na kila tukifika kwenye komeo tunashikana mikono kana kwamba safari hii mechi imeahirishwa.

Mji ukagawanyika kuliko uchaguzi. Bi Esta akashikilia ni mke. Vijana wakasema mchoraji. Wewe peke yako ukasema mama wa jikoni, na wakakucheka. Ukamwambia Faraji arudishe nyuma, ukaenda kuweka kidole kwenye kioo, pale chini kwenye ufa wa mlango wa chumba cha kulala. Kivuli cha miguu. Kila mume alipomnyanyulia mkewe mkono, kile kivuli kipo. "Nyie mnachungulia kitanda kati ya vidole. Kitanda mimi nakijua. Mimi naangalia mlango."

Wakasema unabahatisha. Mimi nilinyamaza, maana nilijua jicho lile umelitoa wapi. Nje ya mlango ndipo kazi ya kungwi ilipo. Siku za fungate yangu, nilipokuwa ndani na yule mume wa kwanza, wewe ulikuwa nje kwenye mkeka, na desturi inasema kungwi haingii mpaka aitwe. Mchana ule sikukuita. Nilijiziba mdomo kwa mto nisikuaibishe. Ukaingia bila kuitwa, ukamkuta na mkanda wa suruali mkononi na mimi chini. Hukugombana naye. Ulinifunga kanga, ukanishika mkono, ukanipitisha mbele ya wazee wote waliokuwa barazani wanakunywa kahawa, mpaka kwetu.

Mama yake, Bi Mwanahawa, akazunguka mji mzima akisema kungwi Mmwera amevunja nyumba ya mwanawe. Kwa muda mrefu hukuitwa kwenye unyago hata mmoja. Ulikaanga maandazi. Hukujitetea hata mara moja, kwa sababu kujitetea kungekuwa kutoa nje siri ya chumba, na siri ya chumba kwako ilikuwa amana. Nilitaka kusema mimi, ukanikataza kwa jicho tu, na jicho lako lilitosha.

Basi ulipolala kwa ile homa ya mwisho ukaniita karibu, nilidhani utaniuliza nani alimwua yule bwana. Kumbe hilo ulishalijua. Ulisema, "Siwema, nitafutie. Nataka kujua yule mama wa jikoni walimfanyaje." Nikakuahidi. Ukaondoka hujajibiwa, na Somo, katika kifo chako chote hilo ndilo lililokuwa likiniamsha.

Sasa sikiliza! Juzi nimekwenda mpaka Mingoyo kufuata mzigo wa mitumba. Lori letu likaharibika pale njia panda, nikashuka kutafuta maji ya kunywa. Pembeni kuna jamaa kapanga kanda juu ya meza, hapa kanda, hapa makopa ya muhogo. Natupa jicho, gauni jekundu! Picha ileile, pazia lilelile! Nikapiga kigelegele peke yangu njia panda, yule jamaa akarudi nyuma akadhani nimepagawa. Hata bei sikubishana, mimi! Nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka kifuani, na njia nzima ya kurudi Kilwa sikumruhusu mtu aniegemee.

Jana, Alhamisi, kibanda hakikubakiza hata pa kutema mate. Nilimkataza Faraji asiijaribu kwanza, nikamtoa nje kabisa akakae na jenereta lake. Wengine walitaka kigoda chako kiachwe wazi kwa heshima. Bi Esta akakikalia, akasema marehemu akikitaka aje akidai. Halafu wakanigeukia wote: sema wewe, Siwema. Nikaanza kuieleza, nikiiga sauti yako mpaka yangu ikajitokeza yenyewe. Tukafika ghalani. Taa. Mkono. Komeo. Na jenereta likaanza kukohoa! Picha ikasinyaa, wanawake wakaita jina la Mungu na la Faraji kwa pamoja, na Mungu akasikia, picha ikarudi. Mlango ukafunguka.

Ni yeye, Somo! Ni mama wa jikoni! Amekaa juu ya gunia la viazi, koti la yule mume aliyekufa mapajani, anamngoja bibi mwenye nyumba. Kelele zilizopigwa, nakwambia, zilifika bandarini. Hapo ndipo kilemba cha Bi Esta kilipopaa. "Mmwera kashinda! Kashinda na amekufa, nitamlipa wapi!" Mimi nikapiga kelele wanyamaze, maana nilichokifuata nilikuwa bado sijakipata.

Wakaja polisi wawili, maana mwishoni Wahispania walipata uwezo wa kuongeza watu. Wakasimama jikoni, yule mama mbele yao, mikono ameificha kwenye aproni. Wakamwuliza mke. Akamtazama yule mama, muda mrefu, Somo, mpaka nikasahau kusema. Kisha akatamka maneno mawili matatu tu. Polisi wakavaa kofia zao wakaenda. Mchoraji naye akachukua begi lake akaenda, hatukumsikitikia. Halafu yule mke akavuta kiti, akamkalisha yule mama, akashika upawa kwa mkono wake mwenyewe akampakulia supu. Wakala wawili, kimya, na mama wa jikoni machozi yanamdondokea kwenye bakuli. Basi. Imekwisha.

Hawakumfanya kitu! Unanisikia? Hakufungwa, hakufukuzwa, hakusemwa. Alikalishwa akalishwa!

Mimi sikuweza kukaa. Nikasimama mbele ya kioo, nikasema kwa sauti yangu kwamba huyu mama ninamjua, mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango wake. Nikasimulia yote. Mto, mkanda, mkono wako. Najua uliitunza siri ile, lakini mwenye siri nilikuwa mimi, na nimeitoa. Bi Mwanahawa alikuwepo, karibu na dirisha, kazeeka sasa. Nikamtazama machoni, sikumkwepa. Akainuka taratibu, akajifunika ushungi, akasema, "Allah amrehemu kungwi wako." Akatoka. Bi Esta, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na utani wowote.

Nikadhani yameishia hapo. Leo asubuhi, kabla sijatandaza mitumba, amenitumia mjumbe niende kwake. Nimekwenda nikijua ni matusi. Akanipa kahawa. Mjukuu wake anaolewa baada ya mavuno ya korosho, na anataka kungwi wake niwe mimi. Akaniinamia, akasema polepole, "Na ukisikia kitu humo ndani, mwanangu, usingoje kuitwa."

Ndiyo hayo, Somo. Ndiyo niliyoshindwa kuyangoja. Mungu akulaze pema, akupanulie kaburi lako, na mimi nakuahidi, mbele ya Yeye aliyekuchukua: nitatandika mkeka wangu nje ya mlango wa yule mtoto, nitaziba mdomo kwa yote ya kuzibiwa mdomo, na nikimsikia analia, naingia.

Mwari wako,
Siwema