Alama Zilizo Chini ya Lipu Yangu

Tanga, Jumanne jioni

Mama Tumaini, kamwene. Bwana Yesu asifiwe hapo nyumbani. Kifua cha mama yako kimetulia, au ukungu wa Igowole bado unamsumbua? Watoto je? Mimi ni mzima kwa neema, joto tu ndilo linanitesa. Nimeandika kwa sababu ukipokea simu unaiweka spika na jiko zima linasikia. Haya yasome kwanza peke yako, ndipo umsomee mama.

Mke wangu, nimekosea kazini.

Lile jengo la karibu na bandari nilikwambia ni la zamani, serikali imeliweka kwenye orodha ya majengo ya urithi. Alilijenga mfanyabiashara wa Kihindi enzi za Mjerumani, juu anaishi na familia, chini anauza vitambaa. Alipokuja Mwingereza, chini pakawa ghala la mkonge. Baada ya uhuru likawa duka la ushirika, halafu likafungwa, popo wakahamia. Sasa linatengenezwa lirudi kuwa maduka.

Wiki iliyopita nilipewa ukuta wa nyuma, ule wa ghala. Ulikuwa unamwaga unga kama mahindi yaliyobunguliwa. Wewe unajua kwetu ukuta ukiwa hivyo unafanywa nini: saruji! Nikapiga lipu ya saruji, ikanyooka vizuri, nikajisifu. Kumbe kuta za huku ni mawe ya baharini na chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani, siku ikidondoka inadondoka na uso wa ukuta.

Kesho yake akaingia Bi Mwanaidi, yule mama anayetunza funguo. Akashika kichwa.

"Fundi wa bara! Umewazika baba zetu!"

Nikamwambia, "Shikamoo Bi Mwanaidi, baba zenu gani tena?"

"Shikamoo yako kaa nayo! Ukuta wa manamba huo!"

Ndipo akanieleza. Manamba waliomaliza mkataba kwenye mashamba ya mkonge walikuja kubeba matumba ya katani hapa, wakitafuta nauli ya kurudi kwao. Wengi walikuwa watu wetu, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa. Kuandika hawajui. Basi mtu siku ya kuondoka alichora alama yake ukutani kwa msumari. Baba yake Bi Mwanaidi alikuwa mpagazi humo, aliwaona. Asiyeondoka hakuchora.

Nilimkumbuka babu yako, baba wa mama, naye aliyekwenda manamba asirudi.

Msimamizi wetu akanivuta pembeni. "Mtu wa mambo ya kale anakuja kesho. Akiuliza, tumeukuta hivyohivyo. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Mungu anisamehe, nilisema hivyo. Usiku sala haikupanda.

Asubuhi akaja huyo wa mambo ya kale, kumbe dada mdogo tu, ana faili lenye picha za ukuta. Akauliza nani amepiga saruji hapa. Msimamizi akakohoa akinitazama. Nikasema, "Ni mimi, dada. Sikujua, lakini ni mimi."

Hakugomba, na hilo ndilo lilinitisha. Akasema niitoe kwa mkono, tindo na nyundo ndogo, bila mashine. Ijumaa wanakuja kupiga picha upya. Alama zikiharibika, mimi natoka na mkandarasi naye anatoka. Tangu hapo msimamizi hanisemeshi.

Nikwambie jambo la aibu. Siku ile sikuudonoa ukuta kwa nyundo kabla ya lipu, kama fundi anavyotakiwa. Nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya. Kwa uvivu huo saruji haikushika sana, la sivyo alama zingekwisha siku ileile. Usimwambie mchungaji, atanitolea mfano madhabahuni.

Leo nimefungua upana wa mlango mmoja. Nagonga huku nimebana pumzi, na Bi Mwanaidi amekaa nyuma yangu kwenye ndoo, "Taratibu, baba, taratibu." Zimetoka alama tatu. Jembe. Mistari miwili iliyopishana. Ya tatu ni mwezi mchanga, na huo ulinishinda: nusu imebanduka na saruji. Niliiweka nyundo chini.

Sasa ninachokuomba. Miaka yote kwenu mnasema babu aliwatupa, alioa pwani. Mama amekua na neno hilo. Lakini kama alama yake ipo hapa, alishika njia ya kurudi kwenu. Kilichompata njiani Mungu anajua, ila hakuwatupa.

Ule mzinga wake wa nyuki mama anaoulaza darini, babu aliuchonga alama ya kuutambulisha. Mwombe mama auteremshe, Tumaini apige picha anitumie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi nafika pembe ya chini kwenye unyevu, na huko nahofia zaidi. Mama akikataa, msimlazimishe.

Nisalimie shangazi wa Mafinga, mzee wa kanisa jirani yetu, na kaka yako wa Chimala, mwambie mchele wake naukumbuka.

Na Mama Tumaini, kama alama ya mzingani ni mwezi mchanga, usinifiche. Ile nusu iliyobanduka sikuitupa. Nimeifunga kwenye leso uliyonipa, iko chini ya mto wangu.

Mumeo anayekuombea,
Baba Tumaini