Rimoti Namba Tatu

Kwako binti yangu, popote barua hii itakapokufikia,

Kwa taadhima ninakuarifu kwamba sisi wazazi wako tu wazima, na kwamba rimoti yangu ya king'ora, iliyochakaa vitufe, imepatiwa mrithi. Fundi aliniagiza nibonyeze vitufe viwili kwa pamoja hadi taa ikonyeze mara tatu. Nilitaka kujua kile kisanduku cha ukutani kinaitambuaje rimoti yangu miongoni mwa rimoti zote za duniani. Akanionyesha orodha ya rimoti ambazo kisanduku kinazitambua: ya kwanza yangu, ya pili ya mama yako.

"Mzee, namba tatu ni ya nani? Niifute?"

"Subiri kwanza," nikasema, kwa kuwa ndiyo uliyoondoka nayo siku ile nilipokukataza kukanyaga hapa.

"Mbona inatumika?" fundi akashangaa, akisoma kumbukumbu za kisanduku. "Jumanne saa sita mchana ilizima king'ora, na baada ya dakika ishirini ikakiwasha tena. Mwizi gani huyu, mzee, anayekulindia nyumba akiondoka?"

Saa hiyo sisi wazazi wako huwa kazini. Mama yako, nilipomuuliza, alijibu tu, "Kwani umeibiwa nini?"

Sikuibiwa kitu. Ninachotamani kujua ni ulikaa kiti gani, na kama ulikula.

Hivyo basi ninaomba, kwa unyenyekevu usiopungua ukubwa wa kosa langu, ruhusa ya kukukuta. Namba tatu haikufutwa. Jumanne ijayo sitakwenda kazini.

Ni mimi mwombaji,
Baba yako