Walilia Jina Langu, Mbuyi

Mbuyi,

Siyo yaya Mbuyi, sikuiti mkubwa wangu, usianze.

Mwaka unaisha na mimi bado niko. Haya, cheka. Katika nyumba yetu mtu wa kufa alijulikana tangu tukiwa watoto, na hakuwa wewe.

Nakuandikia nikiwa kitandani hapa nyumbani Ruashi, chupa ya maji ya moto chini ya goti, simu mkononi. Hivi ndivyo nilivyoandika kila toleo la Mifupa, barua yetu ya kila Jumamosi kwa wenye SS, ugonjwa wa selimundu, kama mimi na kwa wengine wanaoishi na magonjwa yasiyopona. Mimi niliandika. Wewe ulisoma, ukanifokea pale nilipojihurumia, ukaongeza mstari wako chini kabisa, "Garde-malade anawasalimia," yaani mtunza mgonjwa, kisha ukaituma kwa wasomaji kwa WhatsApp. Kila Desemba tulikaa sisi wawili tukapitia tulichoandika mwaka mzima. Mwaka huu nimekaa peke yangu, na nilipofungua matoleo ya nyuma nimeduwaa upya, kana kwamba umekufa leo.

Toleo moja la Mei lilihusu baridi ya Juni na jinsi ya kuifunga mifupa kabla haijaanza kulia. Lililofuata lilihusu presha, tension. Msomaji mmoja alikuwa ameomba. Niliandika kwamba tension haipigi hodi, kwamba mtu anaweza kuwa nayo huku anabeba gunia na kupiga mluzi. Ulilisoma ukiwa umeketi mlangoni, umetoka kazini uwanja wa ndege wa Luano kupakia masanduku ya wasafiri, jasho bado shingoni. Ukasema iko muzuri, tutume. Ukalituma. Kwa kidole chako mwenyewe, Mbuyi.

Siku chache baadaye wenzako wa kazi walipiga simu asubuhi. Walisema umeanguka kando ya mkokoteni wa mizigo. Kwanza nilidhani wamekosea namba, kisha nikadhani wamekosea mtu. Tulipofika hospitali ulikuwa bado unapumua, lakini ulikuwa hutusikii. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani, presha yako ilikuwa juu kwa muda mrefu, na akamuuliza mama ulikuwa unakunywa dawa gani. Mama akaninyooshea kidole mimi.

"Docteur, huyu haiko mugonjwa. Mugonjwa njo ule."

Kabla ya jioni ulikuwa umekwenda.

Nikusimulie kilio chako, maana hukukiona, na wewe ungekipenda. Habari ilitembea mjini nusu nusu, kama habari zetu zote: mmoja wa mapasa, wale mapacha wa Mama Mapasa, amefariki. Nani angeuliza ni yupi? Watu walikuwa na jibu lao tangu zamani. Wakaanza kuingia uani wanalia Kabanga, Kabanga mutoto yetu, na mimi niko pale kwenye mkeka, kitambaa kichwani, nawatazama. Mama mdogo alitoka Pweto na kikapu cha samaki wakavu, njia yote ile akinililia mimi. Alipovuka lango akaniona. Kikapu kikaanguka. Wengine wote waliinamisha vichwa, kwa hiyo ilibidi nimwambie mwenyewe.

"Mama mudogo, haiko miye. Ni Mbuyi."

Alinishika uso kwa mikono miwili. "Mbuyi? Mbuyi alikuwa na nini?"

Dawa zangu mimi, hata jirani anazijua kwa majina. Wewe ulikuwa na nini? Ulikuwa na mimi, basi. Samaki tuliwaokota mmoja mmoja, tukawapika kesho yake.

Halafu wakaja wasomaji. Mifupa ilikuwa kimya Jumamosi kadhaa, nao pia wakajijibu. Ujumbe ulianza kuingia kwenye simu yako. Pole, Mbuyi. Kabanga amepumzika, alipigana vizuri. Mama mmoja wa Likasi alikushukuru kwa kunibeba mpaka mwisho. Hebu fikiria: nimesoma rambirambi za kifo changu kwenye simu ya marehemu. Nilicheka mpaka mama akaja kuangalia kama nimechanganyikiwa, na aliponikuta nilikuwa nimeshaanza kulia.

Niliwajibu wote neno moja, kwamba mimi niko. Wewe sikukutaja. Nikaanza kuandika tena, juu ya kunywa maji, juu ya walimu wanaodhani mtoto mwenye SS ni mvivu, na kila mara wasomaji waliuliza mbona garde-malade hasalimii siku hizi. Sikuweza, Mbuyi. Tulikuwa tumepatana upande mmoja tu: nikifa, wewe utaandika toleo la mwisho. Hata sentensi ya kwanza ulikuwa nayo, ukinitishia kila niliponuna, "Leo Mifupa imenyamaza, sasa mulale." Upande wa pili hatukupatana kitu. Nani angewaza?

Nimekukasirikia pia. Bora nikuambie waziwazi. Kila tulipokwenda kliniki, muuguzi alinifunga ile mashine ya presha mkononi, na wewe uko benchi hiyo hiyo, bega lako linagusa langu. Siku moja nilikwambia na wewe utoe mkono. Ukasema, "Weye njo mugonjwa, miye njo garde-malade. Tusichanganye kazi." Tulicheka wote, muuguzi pia. Sasa kile kicheko kinanirudia nikiwa napiga mswaki, nikiwa naosha vyombo, nasimama hapo hapo na kijiko mkononi.

Mwezi huu mifupa ilinishika vibaya, nikalazwa. Mama ndiye aliyekuja kukaa na mimi. Alikaa mahali pako, akashika mfuko wa dawa kama ulivyoushika. Muuguzi akaja na mashine yake. Nikaficha mkono chini ya shuka, nikamwambia aanze na mama.

Mama akakunja uso. "Miye haiko mugonjwa."

Nikasema kama yeye hatoi mkono, na mimi sitoi, wachague. Unanijua nikikataa. Mama alinitukana kidogo kwa Kiluba, kisha akakunja mkono wa blauzi. Muuguzi akapima. Akatazama, akalegeza, akapima tena. Halafu akatoka kwenda kumwita daktari.

Siku hizi ana kidonge chake kila asubuhi pamoja na chai. Anakimeza huku ananung'unika kwamba nimemwambukiza ugonjwa wa kupenda dawa. Daktari anasema presha imeanza kushuka. Nasimama mbele yake mpaka ameze, sitoki.

Basi nimeandika toleo la mwisho la mwaka. Limelala hapa kwenye simu, litatoka Jumamosi. Linaanza hivi: Aliyekufa si mimi. Linasema wewe ulikuwa nani, ulibeba nini, na ulianguka wapi. Halafu linawaomba wagonjwa wote wanaonisoma jambo moja tu, kwamba wakifika kliniki wasitoe mkono wao kabla aliyewasindikiza hajatoa wake. Wakikataliwa, wanune. Sisi wagonjwa tunajua kununa. Chini kabisa nimeacha mstari wako mahali pake, kwa mara ya mwisho, na nimeomba mama ndiye abonyeze kutuma.

Nakuahidi nitaendelea kuandika. Mama nitamchunga mimi, na sitasubiri aanguke ndipo nimuulize ana nini.

Lala salama. Maisha yote ulinidai nikuite yaya, eti ulitoka tumboni mbele yangu, na mimi nikakataa, nikasema dakika chache hazimfanyi mtu kuwa mkubwa. Umenitangulia tena. Nimekubali.

Lala, yaya.

Mdogo wako,
Kabanga